Wakwe zako tutawapeleka kula wapi

Mji wa Kale, Mombasa

Zuhura mpenzi,

Assalamu alaikum. Huku sote wazima, na mama anakusalimu, ingawa analalamika kwamba ukipiga simu huna subira ya kuongea. Uliniuliza mkija Agosti wakwe zako tuwapeleke kula wapi, ukanikataza kabisa nisiseme nyumbani. Basi nimepata pahali.

Unalikumbuka lile duka la vitambaa lililofungwa, katika kichochoro cha kutoka Ndia Kuu kuelekea baharini? Sasa pamefunguliwa mkahawa wa nyama za kuchoma. Mlango wa kuchonga umeachwa vilevile, na baraza pia. Wangevigusa wangeonana na watu wa Makavazi wanaolinda majengo ya kale! Jiko liko uani, na dohani limepandishwa hadi juu ya paa. Jirani wa ghorofani bado anapiga kelele kwamba nguo zake zanuka moshi, lakini siku niliyomsikia alikuwa na kijiti cha mishkaki mkononi.

Nilikwenda na wifi yangu Ijumaa usiku, baada ya isha. Tuliketi kwenye viti vya plastiki, meza ikiyumba, na kungoja tulingoja haswa. Nikaona bora niende uani nikatazame.

Shoga, pale ndipo penye mkahawa. Mchomaji ni kijana aliyekuwa na jiko lake la barabarani Mwembe Tayari, na anachomea vifuu vya nazi vilivyochanganywa na mkaa kidogo. Ati mkaa haununuliki tena: bei ilipaa 2018 serikali ilipozuia ukataji wa miti misituni, na hata marufuku yalipoondolewa 2023 wauzaji hawakuirudisha ilipokuwa. Vifuu navyo vina moto mkali, kwa hivyo hatii nyama mpaka ndimi zitulie na makaa yavae jivu jeupe. Kila baada ya vipande viwili vitatu ametunga kipande cha shahamu. Shahamu ikidondokea makaa, moshi unapanda na kuiingia nyama, naye anapepea kidogo tu, moto usije ukawaka tena.

Nyama imelazwa kwa thomu, tangawizi, ndimu na papai bichi. Nilimuuliza papai analiacha kwa muda gani, akacheka akasema hilo ndilo linalomlisha. Si neno. Sote twajua likizidi nyama inakuwa uji, na yake ilikuwa laini huku bado inatafunika. Kijiti ni shilingi 80. Wifi alisema ghali, kisha akaagiza vingine.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu namjua shemeji. Akiona mbuzi wa kilo kwenye orodha atamwagiza. Mzuie. Mbuzi wa bara anataka chumvi, moto mdogo na mtu asiye na haraka. Hawa wanamtia moto uleule wa mishkaki na kumpaka viungo juu, akatoka mkavu wala huonji ladha ya mbuzi. Baba mkwe wako akimla huyo ataondoka akisema watu wa Pwani hawajui kuchoma, na safari nzima itakuwa ni hayo.

Waagizie samaki, changu wa kupaka. Anachomwa nusu, kisha anapakwa tui zito lenye ukwaju na pilipili, anarudishwa jikoni, anapakwa tena, mpaka tui linaganda na kuanza kuungua pembeni. Hapo nilinyamaza hata wifi akaniuliza kama naumwa. Ila Agosti bado ni kusi, bahari huchafuka, na wavuvi wenye vyombo vidogo hawatoki kila siku, basi nitapiga simu asubuhi niulize kama samaki yupo. Asipokuwepo tutakula kuku, ni mzuri wa kutosha. Mkate wa mofa unaletwa wa moto. Mama mkwe akitaka ugali, wanapika, lakini aseme mapema. Juisi ya ukwaju wanaitia sukari mno. Waambie wakupe isiyotiwa.

Watoto usiwaahidi kwamba tutakula upesi. Tutawapa viazi karai kwanza njiani, wasije wakatuaibisha.

Niandikie mnakuja na treni au basi. Kama ni treni, mkishuka Miritini msikubali bei ya kwanza ya teksi. Nitamtuma mdogo wangu awapokee. Nawe usije mikono mitupu: nataka maparachichi ya huko kwenu, yasiyoiva, niyafunike mwenyewe.

Wasalaam,
Rukia

Tena: wifi anasema nikwambie pia kwamba pilipili yao si ya mchezo. Shemeji asijitie ushujaa.