Mchanga wa chujio la maji usiolingana na oda

Kwa Meneja Mauzo,

Ndugu,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MCHANGA WA CHUJIO LA MAJI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jumuiya yetu ya watumia maji, inayojenga chujio la mchanga la mwendo wa polepole kwenye mradi wa maji ya mserereko katika milima ya Uluguru, iliagiza kwenu mchanga wa kuchujia pamoja na changarawe za tabaka la chini. Changarawe hatuna neno nazo. Mchanga, hata hivyo, si ule ulioandikwa katika oda, na barua yenu ya majibu, badala ya kuirekebisha kasoro hiyo, imeisifia.

Oda ilitaka tundu la chekecheo linalopitisha asilimia 10 ya uzito wa mchanga liwe kati ya milimita 0.15 na 0.35, na lile linalopitisha asilimia 60 lisizidi mara tatu ya hilo. Ni njia ya kupima iliyoanzishwa na Mmarekani Allen Hazen katika miaka ya 1890, na hadi leo ndiyo inayotumiwa na wajenzi wa machujio. Sampuli tuliyoichota katikati ya lundo, tukaikausha na kuichekecha, ilitoa milimita 0.10 na 0.70, yaani uwiano wa saba. Isitoshe, asilimia 7 ya uzito ilipita kwenye tundu la milimita 0.075, na vumbi la namna hiyo ni tope na udongo wa mfinyanzi, si mchanga.

Mmetujibu kwamba mchanga wenye chembe za kila ukubwa ndio bora, na kwamba wajenzi wote wanaununua. Kwa zege mnasema kweli, kwa sababu chembe ndogo hujaza nafasi kati ya zile kubwa na saruji inayohitajika hupungua. Lakini nafasi hizo hizo ndizo njia ya maji katika chujio. Zikijazwa, chujio huziba. Kwa kanuni ya Hazen, kasi ya maji kupenya mchanga hufuata mraba wa kile kipimo cha asilimia 10, hivyo mchanga wenu ungepitisha maji kwa kasi iliyo chini zaidi ya mara sita kuliko mchanga wa milimita 0.25 tuliotarajia. Nayo kanuni hiyo ilikusudiwa mchanga wenye chembe zinazokaribiana, kwa hiyo huenda hali halisi ikawa mbaya zaidi.

Chanzo cha kasoro hii tunakifahamu, wala hatuwalaumu kwa tabia ya mto. Upepo na mawimbi huchambua chembe kwa muda mrefu hadi zibaki zinazolingana, ilhali mafuriko ya korongo yanapopungua nguvu ghafla huangusha changarawe, mchanga na tope mahali pamoja. Mchanga unaochotwa hapo na kupakiwa moja kwa moja kwenye lori hauwezi kuwa wa chujio kabla ya kuchekechwa na kuoshwa, na kazi hiyo imo katika ankara tuliyolipa. Tungependa kujua ilifanyika wapi, maana hata kuusugua viganjani tu kunaacha tope.

Kwa hiyo tunaomba muuondoe mchanga huo kwa gharama zenu na kutuletea mwingine uliochekechwa na kuoshwa, kila lori likiwa na cheti cha vipimo vya chekecheo, na sampuli ichotwe mbele ya fundi wetu kabla ya kupakua. Hatutakubali pendekezo lenu la kuuoshea hapa kwenye eneo la mradi, kwa kuwa kuosha huondoa tope tu na hakupunguzi chembe kubwa zilizozidi. Ikiwa hamna mashine ya kuchekecha, turudishieni fedha pamoja na nauli ya malori, ili tununue kwingine kabla ya masika.

Naomba kuwasilisha.

Msimamizi wa Ujenzi,
Kwa niaba ya Jumuiya ya Watumia Maji