Kwa Zuhura, kuhusu madaftari ya Mzee

Langoni, Lamu

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam alaykum warahmatullah. Mie mzima, mama mzima ila magoti, na Khadija kajifungua mtoto wa kiume, najua umeshasikia maana habari za Lamu hufika Malindi kabla ya basi. Pole sana na msiba wa ami yako. Nilikupigia kutoka Ufaransa, simu ikaita mpaka ikakatika. Haya, salamu nyingine nitazileta mwenyewe. Nina shida, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujasema "huyu naye keshaanza".

Nataka madaftari ya baba mkwe wako.

Yale ya jalada jeusi, anayoyaweka ndani ya bati la biskuti juu ya kabati. Siku ya arusi ya Rehema, nyinyi mlipokuwa mnahangaika na pilau, alinifungulia moja tukakaa nalo barazani. Ukurasa una safu za kalamu ya risasi: siku, upepo, maji, mkondo umevuta wapi. Pembeni kaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mstari mmoja niliusoma kwa kujikokota: "Mkondo umegeuka tangu jana, nanga haishiki, tumerudi na changu watatu." Sijui kwa nini sikupiga picha siku ile ile. Nadhani niliona haya, mtu kaja arusini anaomba daftari la mzee wa watu.

Sasa sikiza kwa nini. Kazi yangu huijui vizuri, na wala si wewe tu. Wageni wakimuuliza mama, huwaambia "mwanangu huhesabu mawimbi kwa Wazungu". Bibi akauliza, mtu mzima analipwa kwa hilo? Na tangu nirudi likizo nimeletewa simu zilizofungwa nywila, printa ya madrasa, na televisheni moja. Ya televisheni nilikataa.

Lakini mama hakukosea sana. Bahari kutoka kwenu mpaka juu ya Kiunga tunaikata vipande vya mraba ndani ya kompyuta, na kila kipande kina kina chake, joto lake, chumvi yake na mwendo wa maji yake. Programu ninayotumia ni NEMO, iliyoandikwa kwa Fortran, lugha iliyotoka mwaka 1957, na bado inakimbia kuliko vijana wengi. Vipande ni sawa na macho ya wavu: ukitaka dagaa, weka jicho dogo. Ila jicho dogo lina gharama. Ukilipunguza nusu, vipande vinakuwa mara nne, na hatua za muda nazo lazima uzikate nusu la sivyo hesabu zinalipuka, kwa hiyo kazi inakuwa mara nane. Kompyuta moja itazeeka hapo. Ndiyo maana tunagawa bahari kwa maelfu ya prosesa, yaani bongo za kompyuta, kila moja inakokotoa eneo lake, na mwisho wa kila hatua inawauliza majirani: kwenye mpaka wetu maji yako wapi? Mmoja akichelewa kujibu, wote wanangoja.

Uchakataji sambamba ndio huo, na ndio ujuzi wangu mimi. Si bahari, shoga, usije ukawaambia watu najua bahari. Najua kugawa. Ukigawa ramani kijinga, prosesa moja itaangukia Tana River, nchi kavu tupu, ikae inapunga upepo, na mwenzake wa ghuba ya Ungwana azidiwe na kazi. Nimekula miezi kwenye mambo kama hayo. Na hata ukigawa vizuri kuna ukuta, mhandisi wa kompyuta Gene Amdahl aliusema mwaka 1967: ikiwa asilimia 5 ya kazi haigawanyiki, hata upewe prosesa milioni hutapata kasi kuzidi mara 20. Kwa hiyo kutwa tunaisaka asilimia hiyo, tunaipunguza ifike moja, ifike nusu. Mtu akinambia amejenga mashine kubwa zaidi duniani, mie huuliza kwanza nani ataandika programu ya kuitumia. Ile Frontier ya Oak Ridge, Marekani, iliyovuka hesabu bilioni bilioni kwa sekunde mwaka 2022, inakula umeme wa megawati 20 na zaidi. Na hapa nakuandikia kwa taa ya simu, umeme umekatika tangu alasiri.

Nimepotea njia. Madaftari.

Unajua mkondo wa pwani yetu huenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi unapanda moja kwa moja, unavuka ikweta, unaungana na wa Somalia. Ikiingia kaskazi, wa Somalia unageuka, unateremka, na yote miwili inakutana huku kwetu, kisha inaelekea mashariki baharini. Wapi hasa inakutana, hapo ndipo penye mambo. Mahali penyewe panahama, na samaki wanapafuata. Kazi ninayoifanya ni kuliandama eneo hilo kwa miaka mingi iliyopita, kwa jicho la kilomita mbili.

Basi mwaka huu likanikuta jambo. Niliendesha programu ile ile, data ile ile, nikabadilisha idadi ya prosesa tu. Kompyuta ikijumlisha namba za desimali hukata tarakimu za mwisho, na ukibadilisha mpangilio wa kujumlisha, mkato unaangukia pengine. Tofauti ndogo isiyoonekana. Lakini bahari haisamehe kidogo. Baada ya miezi ya kalenda ya ndani ya kompyuta, jawabu moja likaweka makutano ya mikondo karibu na Kiunga, jingine likayaweka kusini ya Lamu. Mkubwa wangu akauliza, lipi sahihi? Nikamwambia hakuna la kusema sahihi, tunaendesha mara nyingi na kutazama wingi umeelemea wapi. Akasema sawa, na huo wingi utaulinganisha na nini?

Na swali lake ni hilo hilo waliloliandika wakaguzi wa ombi letu la fedha. Setilaiti zinazopima kimo cha bahari zinavurugika zikikaribia nchi kavu. Maboya ya Argo yanashuka mita 2,000 na kupanda tena, kwenye maji yetu ya kina kifupi hayana kazi. Upepo ninao, saa kwa saa, data ya ERA5 ya Ulaya inarudi nyuma mpaka 1940, kwa hiyo naweza kuiamsha bahari ya ujana wa Mzee ndani ya mashine. Nisichokuwa nacho ni mtu aliyekuwa juu ya maji hayo siku hizo akaandika mkondo umevuta wapi. Mtu huyo anakunywa chai nyumbani kwako kila asubuhi!

Nacheka peke yangu. Mzee alikuwa kijana pale Ngomeni Wataliano walipokuwa na majukwaa yao baharini, mwaka 1970 Desemba 12 setilaiti ya Uhuru ikaruka kutoka pale, ya kwanza duniani kwa kazi ya kutazama miale ya eksirei ya nyota. Nyota za mbali huko zikapata kumbukumbu. Maji yaliyopita chini ya majukwaa hayo, kumbukumbu yake ya siku kwa siku niliyoiona kwa macho yangu ni ile ya bati la biskuti.

Kuna ugumu wa tarehe, na hapa ndipo utakaponisaidia hasa. Yeye haandiki Januari na Februari. Anaandika kwa miongo ya Nairuzi, ule mwaka wa jua wa mabaharia, siku kumi kumi, kama manahodha wa zamani. Mwaka wa Nairuzi ni siku 365 basi, hauna nyongeza ya mwaka mrefu, kwa hiyo kila miaka minne unateleza siku moja. Nikikosea alipoanzia kuhesabu, kaskazi yake yote itanikalia vibaya. Bamvua na maji mafu zitanisaidia kusahihisha, maana mwezi hauongopi na kaziandika. Lakini muulize: Siku ya Mwaka aliihesabu kwa kalenda ya nani, ya babake au ya msikitini?

Najua atakalolisema. Atasema miamba yake. Alinambia siku ile ile kwamba kuna mwamba hata wanawe hawaujui, na akifa atakwenda nao. Mwambie hivi: kipande changu kimoja ni kilomita mbili kwa mbili, mwamba wake ndani ya hapo ni sindano kwenye shamba. Na alama za mahali asipotaka pajulikane, azifunike kwa mkono wakati wa kupiga picha, sitauliza. Pia atahofia serikali, kwamba kesho watakuja kuwafungia eneo kwa maandishi yake. Hofu hiyo siwezi kumwambia ni ya bure. Naweza kumwahidi kwamba madaftari ni yake, nakala zitakuwa kwake na kwangu, na chochote kitakachochapishwa atasomewa kwanza, kwa Kiswahili, na jina lake litawekwa pamoja na letu kama mwandishi. Mkubwa wangu alikunja uso kidogo kwa hilo la mwisho. Akunje.

Mana hilo la majina lina historia yake kwangu, nikwambie ukweli. Nilipokuwa Cape Town, ile kompyuta kubwa ya huko, Lengau, imezinduliwa 2016, sisi tulikuwa tunaona tumeshika mbingu. Nilikuwa nimeingia huku kwa kusoma habari za Mnigeria, Philip Emeagwali, aliyepata tuzo ya Gordon Bell, ya kompyuta za kasi, ya 1989 kwa hesabu za mafuta ardhini kwenye mashine ya prosesa zaidi ya elfu sitini na tano. Nikasema na mie. Baadaye ndiyo nikajua kwamba aliyeifanya programu ikimbie, mara nyingi hutajwa kwenye shukrani, na aliyeangalia picha iliyotoka ndiye mwandishi. Mikataba nayo ni ya miaka miwili miwili. Ukizoea mji unafunga sanduku. Mama anauliza nitaolewa na nani, na sanduku?

Na wa akili mnemba wananiandikia. Kugawa kazi kwa maelfu ya mashine ndiyo wanayoitaka na wao, ile ile, ila mshahara... basi tuache. Nimewajibu mmoja, sijamjibu mwingine. Kusema kweli, ombi hili la fedha likikataliwa sijui kama nitakuwa na uso wa kumkataa wa pili. Nina mpaka mwisho wa mwezi kuonyesha kwamba kulinganisha kunawezekana, hata kwa daftari moja tu, la msimu mmoja wa kaskazi. Sihitaji yote.

Basi njia ni hii. Usiyapakie kwenye basi, hata kama dereva ni Athmani. Piga picha ukurasa kwa ukurasa, uani, jua likiwa halijapanda sana, kivuli chako kisiingie. Tuma kama faili, si kama picha, maana WhatsApp huzibana na kalamu ya risasi itafifia nisisome kitu. Anza na jalada ili nijue mfuatano. Kama bando ni tatizo nitakutumia, usinione aibu. Na kama Mzee atataka niende mwenyewe nikae mbele yake, nitapanda mashua alfajiri nishike basi la Mokowe, Jumatatu nipo kwenu, na nitamletea halua ya Lamu, si ile ya dukani kwenu.

Nambie basi: yupo Malindi au kaenda Ngomeni kwa dadake? Macho yake yanaona bado, ataweza kunisomea yale maandishi ya pembeni tukiyakwama? Madaftari ni mangapi, na mchwa hawajayaingia? Mumeo nimwambie mimi au utamwambia wewe, nisije nikaonekana nimempita? Na yule kijana wenu wa kidato cha nne, bado anasema anataka kusoma kompyuta? Mwambie aje akae na hayo madaftari, aandike tarehe kwenye jedwali, nitamlipa, na atajua mapema kama ana subira. Na wewe mwenyewe, shule imekurudishia saa zako au bado mnavutana na yule mkuu? Umeacha kweli kuumwa na kichwa?

Nipigie kwa simu ya Khadija, yangu imebaki chaji kidogo na umeme haujarudi. Ukipiga baada ya isha nitakuwa nimekaa kando ya hiyo simu, kwa hiyo usimtume mtoto, zungumza wewe.

Wako,
Mwanaamina