Mashine ya presha ikae kwenye sanduku la kikoba

Mhariri,

Kamwene. Mimi ni mhazini wa kikoba kimoja, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, hapa Kihesa, Manispaa ya Iringa, na nimechoka kuandika neno "matibabu" kwenye daftari.

Wenye vikoba wanajua kuwa sandukuni kuna fedha za aina mbili. Kuna hisa, hizo tunazokopeshana, na kuna mfuko wa jamii, ule tunaouchangia kidogo kidogo kila wiki kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Mwaka juzi mfuko wa jamii ulikauka mara mbili. Nikakaa usiku na daftari kufuatilia fedha zilikokwenda. Nilidhani ni misiba, maana mwaka ule tulizika sana. Kumbe kilichotumaliza ni presha na sukari, na zile safari za hospitali zinazoanza mtu akiwa ameshaanguka.

Mmoja ni mwenzetu aliyekuwa akiuza viazi na kabichi. Presha hakupima tena tangu kliniki ya mtoto wake wa mwisho, na huyo mtoto sasa ananyoa ndevu. Asubuhi moja akaamka mkono wa kulia hausikii. Kiharusi. Mtaani tunasema amepooza mtu mmoja, ila kwa hesabu zangu waliotoka kazini ni wawili, kwa sababu binti yake alifunika cherehani ili amgeuze mama na kumlisha. Marejesho yakasimama. Waliomdhamini wakalipa kwa hisa zao, na msimu ulipofika mmoja wao hakuweza kukopa fedha ya mbolea kwa shamba lake la Kilolo. Mahindi yake yalitoka ya njano, nimeyaona kwa macho.

Ndipo tukanunua mashine ya presha, ile ya kuvaa mkononi, kwa fedha za faini za wachelewaji. Inakaa ndani ya sanduku lenye kufuli tatu, pamoja na mihuri na daftari. Kabla ya kununua hisa, kila mtu anapimwa. Muuguzi mstaafu jirani yetu alitufundisha: kaa kimya dakika tano, egemea, usikunje nne, mkono uwe usawa wa moyo, na usiongee. Hilo la kutoongea ndilo gumu kuliko yote kwenye kikoba.

Siku ya kwanza mama mmoja alisoma 178 kwa 104. Akacheka, akasema mashine mbovu. Tukampima mwenyekiti, ikasoma vizuri. Tukamrudia yeye, ikawa ileile, na kicheko kikakata. Hakuwa na kichwa kinachouma wala kizunguzungu, na hapo ndipo presha inapotuua, haibishi hodi. Kanuni yetu ni kwamba ukizidi 140 kwa 90 wiki mbili mfululizo unakwenda kituo cha afya, na ukiwa kama yule mama hungoji wiki ya pili, unakwenda kesho yake. Kituo cha kwanza alichokwenda, mashine yao haikuwa na betri. Sitaki kutaja ni wapi. Akaenda kwingine, na sasa anameza kidonge kimoja kila siku na viazi vyake anavipeleka sokoni mwenyewe. Wanaume wawili wamekataa katakata kupimwa mpaka leo. Tunawavumilia.

Naandika haya kwa sababu mipango ya afya ya jamii ipo, ila naona inapita juu ya vichwa vyetu. Mwishoni mwa 2016 tuliagizwa nchi nzima kufanya mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Ilianza vizuri, kwa tisheti, spika kubwa na viongozi mstari wa mbele. Leo mtaani kwetu ukiuliza Jumamosi ya pili ni ya nini, utaambiwa ni siku ya harusi. Halafu Januari 2024 serikali ikazindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ikilenga kuwafikisha zaidi ya 137,000. Huo naupenda. Lakini mhudumu anayepita nyumba kwa nyumba saa nne asubuhi atamkuta nani? Watu wako sokoni, wako shambani, wako kijiweni na bodaboda. Kwenye kikoba atatukuta wote, tena tumekaa, na asiyefika anatozwa faini.

Tena presha siyo shida yetu peke yake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha udumavu kwa watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa ni karibu asilimia 57, wakati wastani wa taifa ni 30. Mkoa unaolisha wengine! Maharage tunayo, maziwa tunayo, parachichi zinaoza chini ya miti, na mtoto anapewa uji mweupe asubuhi na ugali jioni. Kina mama haohao wa hisa ndio wapishi. Nusu saa ya mhudumu mbele yao, na sufuria ikiwa jikoni, ina faida kuliko bango la lishe barabarani.

Najua wapo watakaosema mtu wa huku analima na kupanda milima, mazoezi ya nini. Kwa anayeshika jembe, sawa. Ila sisi wa mjini tunapanda bajaji kutoka Ipogolo hadi sokoni, tunakaa kwenye kiti cha plastiki mpaka jioni, na supu tunaiongezea chumvi kabla hatujaionja. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi ya siku nzima isizidi gramu tano, yaani kijiko kimoja cha chai. Mimi nilikuwa naimaliza kwenye chipsi.

Ombi langu kwa manispaa halihitaji jengo wala semina. Vikundi vinavyoomba mikopo ya ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri mnavyo kwenye orodha, na siku vinazokutana mnazijua. Mgawieni kila mhudumu vikoba vyake. Sisi tunakutana Jumatano saa kumi jioni, na betri tumeshanunua.

Mhazini wa kikoba,
Kihesa, Iringa