Ahadi za miezi 6 kwa wazee wetu wa tezi dume, Ngamiani

Assalamu alaykum, ndugu waumini na majirani wa Ngamiani, Tanga.

Kamati ya afya ya msikiti inaomba mchango kwa wazee wanaosumbuliwa na tezi dume. Safari hii bakuli la Ijumaa moja halitatosha. Tunaomba ahadi ya kila mwezi kwa miezi 6, na sababu imo kwenye dawa zenyewe.

Tezi dume huizunguka njia ya mkojo chini ya kibofu. Ikikua uzeeni huibana njia, mkojo ukawa mwembamba na wa kukatika, na mzee halali usiku. Tamsulosini ya miligramu 0.4, kapsuli moja kwa siku baada ya chakula, imezwe nzima, hulegeza misuli ya shingo ya kibofu. Nafuu huanza ndani ya siku au wiki chache. Inaweza kushusha presha, kwa hiyo mzee ainuke kitandani taratibu. Finasteridi ya miligramu 5 hupunguza tezi yenyewe, lakini kazi yake huweza kuchukua miezi 6 kuonekana, na akiiacha tezi hukua tena. Hapo ndipo michango mingi hupotea bure: inanunuliwa dawa ya mwezi mmoja, mzee haoni tofauti, anarudi kwenye chupa za mizizi.

Mzee wa dawa zote mbili anahitaji kapsuli 180 na vidonge 180. Hatumpi mtu dawa kwa kuwa jirani yake kaitumia. Kwanza Hospitali ya Bombo: mkojo, kipimo cha kidole kupitia njia ya haja kubwa kupapasa tezi, ultrasaundi ya mkojo unaobaki kibofuni, na damu ikibidi, maana saratani nayo huweza kuleta dalili hizohizo.

Wapo waliowekewa mpira wa kutolea mkojo kibofuni hadi kwenye mfuko, wakisubiri upasuaji. Mpira wa kawaida hubadilishwa takriban kila wiki 4, mfuko kila wiki. Kwa miezi 6 ni mipira 7 na mifuko 26 kwa mzee mmoja. Tunapokea saizi 14 na 16 zenye puto la mililita 10 linaloushikilia mpira kibofuni, pamoja na jeli ya ganzi na maji ya sindano ya kujazia puto. Msilete maji ya chumvi kwa ajili ya puto: chumvi huganda, huziba kijinjia chake, na mpira ukagoma kutoka. Kubadilisha ni kazi ya muuguzi peke yake. Puto likijazwa kabla halijafika kibofuni huchana njia ya mkojo, na kovu lake ni mateso mapya. Nyumbani, mfuko ukae chini ya kibofu bila kugusa sakafu, umwagwe kabla haujajaa.

Kwa aliyejitenga na swala kwa sababu mkojo unamtoka: ajisafishe, ajifunge kitambaa, atie udhu wakati ukishaingia, aswali. Ana udhuru.

Fedha apewe mweka hazina baada ya swala ya Ijumaa, naye atatoa stakabadhi. Vifaa viwe havijafunguliwa na tarehe haijapita. Nauli na gharama za upasuaji zina daftari lake. Anayetaka mchango wake uende huko aseme.

Mzee akizuiwa mkojo kabisa, tumbo la chini likajaa, familia isisubiri kikao cha kamati. Apelekwe Bombo usiku huohuo, na dawa zote anazotumia zibebwe, hata za mafua, kwani baadhi hukaza shingo ya kibofu.