Vituo vya kuchajia viwekwe magari yanakolala

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie vituo vya umma vya kuchajia magari ya umeme, kwa kuwa nahofia tunajenga mtandao utakaowafaa zaidi wale ambao tayari wanaweza kuchajia nyumbani kwao.

Mnamo 2023 mamlaka ya kudhibiti kawi, EPRA, iliidhinisha bei maalumu ya umeme wa magari: Sh16 kwa uniti (yaani kilowati moja kwa saa moja) wakati wa matumizi makubwa na Sh8 wakati matumizi yako chini, hasa usiku, kabla ya kodi na tozo nyingine. Nauunga mkono uamuzi huo kwa dhati. Mvuke wa Olkaria, unaoendesha mitambo ya umeme huko Bonde la Ufa, hutoka ardhini usiku wa manane sawa na adhuhuri, ilhali saa hizo viwanda vingi vimefungwa na watu wamelala, hivyo sehemu ya kawi tuliyogharamia kuichimba hukosa mnunuzi. Gari lenye betri ya uniti 40 lingejazwa usiku kwa takriban Sh320.

Lakini ni nani anayeweza kuchaji usiku? Vituo vingi ninavyoviona jijini Nairobi vimewekwa kwenye maduka makubwa, mahali ambapo gari hukaa saa moja au mbili mchana kisha likaondoka. Mkazi wa Pipeline, Umoja au Kayole anaishi ghorofa ya tano, na gari lake analiacha kwenye uwanja wa kulipia unaolindwa na bawabu, ambako hakuna hata soketi moja. Nafuu ya Sh8 haimfikii, ingawa ndiye anayeihitaji kuliko wote.

Viwanja hivyo ndivyo vinavyopaswa kutangulia. Chaja ndogo ya kilowati 7 hujaza betri niliyoitaja kwa muda wa saa sita hivi, mwenyewe akiwa usingizini, ilhali chaja ya kasi ya kilowati 50 huvuta umeme wa chaja saba kama hiyo kwa mpigo mmoja na mara nyingi hulazimu transfoma mpya. Serikali ya kaunti, ambayo ndiyo inayotoa leseni, inaweza kuwataka wenye viwanja watenge nafasi chache za kuchajia.

Chaja za kasi zina mahali pake, nako ni barabara kuu. Umoja wa Ulaya, kwa sheria iliyoanza kutumika Aprili 2024, unadai vituo vya kasi kila kilomita 60 kwenye barabara zake kuu, na dereva aweze kulipa kwa kadi ya benki bila kujisajili na kampuni yoyote. Kati ya Nairobi na Mombasa, safari ya karibu kilomita 480, umbali ndio uamue kituo kiwe wapi, na malipo yawe kwa M-Pesa kwa kila mteja.

Wahudumu wa bodaboda, ambao pikipiki zao ndizo nyingi zaidi kati ya vyombo vya umeme nchini, hawawezi kusubiri chaji mchana. Wao hubadilisha betri. Kampuni moja ikileta betri isiyoingia kwenye pikipiki ya nyingine, steji moja italazimika kuwa na vibanda vitatu vya kazi ileile. EPRA iweke kiwango kimoja mapema, kabla mitaji haijazama.

Kenya Power nayo inajua ni transfoma ipi ina nafasi na ipi imelemewa. Ichapishe ramani hiyo mtaa kwa mtaa, ili mwenye uwanja ajue kabla ya kuomba mita.

Msomaji wako,
Umoja, Nairobi