Mlio wa gari la umeme usihukumiwe haraka

Mhariri,

Nilinunua gari la umeme lililotumika, na wiki ya pili tu likaanza kuvuma kila nilipofika kilomita 60 kwa saa. Fundi wa kwanza alisikiliza dakika moja, akasema mota imekufa, itolewe. Nilikataa, na ninafurahi kwamba nilikataa.

Gari hili halina injini ya kufunika sauti nyingine, hivyo kila kinachosagika kinasikika. Nilitafuta barabara tupu, nikaweka gia huru nikiwa mwendoni: mvumo haukubadilika hata kidogo. Kama kasoro ingekuwa kwenye mota au gia zake, aghalabu sauti ingebadilika mota inapoacha kubeba mzigo wa kusukuma gari. Kisha nikakata kona pana kulia, mvumo ukapanda, kushoto, ukafifia. Ukikata kulia, uzito huegemea magurudumu ya kushoto. Tuliinua gari kwa jeki, mwenzangu akazungusha gurudumu la mbele kushoto huku mimi nimeshika springi, nikahisi mkwaruzo vidoleni. Beringi, kile kifaa kinacholiwezesha gurudumu kuzunguka kwa ulaini! Ilipobadilishwa, kimya kikarudi.

Si kila sauti ni ugonjwa. Pampu ya kupoza betri huweza kunguruma gari likichajiwa, na magari mengi mapya hutoa mlio wa makusudi yakienda polepole ili waenda kwa miguu wayasikie.

Ninawaomba mafundi wapande gari pamoja na mteja kabla ya kutaja kifaa cha kubadilisha. Nanyi wenye magari, nyaya za rangi ya machungwa msiziguse kabisa. Umeme wake unaua.

Msomaji wenu wa kila siku