Wenye pikapu, mafuta yawe ya mwisho

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme na wenye pikapu wanaotaka kuziongezea nguvu injini zao kwa mara ya kwanza. Wengi wao wanaanzia mwisho. Gari likilegea mlimani, wanakimbilia kwa mtu wa kompyuta ya injini awaongezee mafuta, na haupiti muda mrefu pistoni imetoboka au silinda hedi imepata ufa. Dizeli hutoa nguvu kwa kadiri inavyopata hewa ya kuchomea mafuta. Mafuta yakiizidi hewa, kinachoongezeka ni moshi mweusi na joto, na joto ndilo linaloimaliza injini. Anza kwa kurudisha nguvu iliyopotea, halafu funga vipimo, halafu shughulikia hewa. Mafuta yafuate baada ya hapo.

Tutazungumzia zaidi dizeli yenye turbo, yaani pampu inayozungushwa na moshi ili iisukumie injini hewa zaidi, kwa sababu ndiyo yenye faida kubwa ya kuvunwa.

Pikapu iliyotembea kilomita laki mbili haina tena nguvu iliyotoka nayo kiwandani, na sehemu kubwa ya hiyo hurudi bila kununua kifaa chochote cha mbio. Badilisha filta ya hewa na ya dizeli. Pima kompresheni injini ikiwa ya moto. Silinda moja ikiachana na nyingine kwa zaidi ya bar 5, acha mipango yote ya kuongeza nguvu na ushughulikie ugonjwa huo kwanza. Fungua manifoldi ya kuingizia hewa uitazame ndani. Moshi unaorudishwa ndani ya injini na valvu ya EGR hukutana na mvuke wa oili, vikagandamana kuwa uji mzito kama lami, na tundu lililokuwa la kupitisha ngumi ndogo linabaki la vidole viwili. Ing'oe usafishie pembeni. Ukikwangua ikiwa bado imefungwa kwenye injini, kipande kikigota kwenye valvu kitakuletea kazi nyingine kubwa kuliko ile uliyoikusudia.

Kisha tafuta mahali turbo inapovujisha hewa. Hapa ndipo nguvu nyingi hupotea bila mwenye gari kujua. Mpira unaotoka kwenye turbo kwenda intakula, yaani kipoza hewa ya turbo, huloa oili kwa ndani, hulainika, na hupasuka upande wa chini wa kona au chini ya klipu, ambako jicho halifiki. Gari likisimama ufa unajifunga. Ukikanyaga mlimani ufa unafunguka, unasikia mluzi, na moshi mweusi unatoka nyuma. Mtu anaambiwa nozeli zimekufa, kumbe ni mpira.

Kupima ni hivi. Chomoa mpira pale unapotoka kwenye turbo na pale unapoingia kwenye manifoldi, ziba ncha zote mbili kwa vizibo vilivyobanwa sawasawa na klipu, kimoja kiwe na valvu ya tairi. Jaza hewa polepole hadi bar 1, usivuke 1.5, na usisimame mbele ya kizibo, maana kikichomoka kinaruka kwa kishindo. Paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo, kona za mipira na mishono ya intakula. Mapovu yatakuonyesha. Geji ikishuka na huoni povu, geuza mpira uuangalie upande wa chini.

Ukimaliza hapo, unganisha kisomeo kwenye soketi ya uchunguzi uone namba mbili kwa pamoja: shinikizo la turbo ambalo kompyuta inaliomba, na lile linalopatikana kweli. Endesha gia ya tatu mlimani, mguu chini kabisa. Kinachopatikana kikipungukia kinachoombwa kwa zaidi ya bar 0.2 mfululizo, bado kuna hitilafu: mvujo mwingine, valvu ya kudhibiti turbo, au mikono ya turbo (vibawa vinavyoongoza moshi ndani yake) iliyoganda kwa masizi. Kumuongezea mafuta mgonjwa huyo ni kumkaba koo.

Kipimo tunachokisisitiza kuliko vyote ni geji ya joto la moshi kabla ya turbo. Geji ya maji kwenye dashibodi haitoshi. Ikianza kupanda, pistoni imeshaungua zamani. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto 660 za Selsiasi, na pistoni haiyeyuki kila siku kwa sababu tu inapozwa na oili kwa chini na hewa mpya kwa juu. Kwa safari ndefu yenye mzigo, moshi ubaki chini ya nyuzi 700. Ukiona unaikaribia 750, ondoa mguu na ushuke gia moja, injini izunguke kwa wepesi zaidi.

Kifaa chake ni kipima joto cha aina ya K, chenye hesi ya 1/8 NPT. Kinaingia kwenye manifoldi ya ekzosi, karibu na pale mabomba ya silinda yanapokutana, ncha ikae katikati ya mkondo wa moshi. Toboa kwa biti ya milimita 8.5, kisha kata hesi kwa tapu. Tunashauri manifoldi ing'olewe kabla ya kutoboa. Wapo wanaotoboa ikiwa juu ya gari kwa kupaka grisi nyingi kwenye biti ili ishike unga wa chuma, wakisafisha biti kila baada ya mzunguko mdogo, lakini chembe moja ikibaki humo inaenda moja kwa moja kwenye gurudumu la turbo linalozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Ukingo wa pangaboi ukishadonolewa, turbo inapoteza mizani na kuanza kujila yenyewe.

Kwenye hewa, onyo letu la kwanza ni kuhusu filta ile ya wazi inayofungwa kama uyoga ndani ya boneti. Inanguruma vizuri, lakini inavuta hewa iliyokwisha kupashwa na injini. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 10, uzito wake hupungua kwa takriban asilimia 3, na kwa mwendo mdogo ndani ya boneti huwa na joto kali kuliko nje. Boksi la kiwandani lenye pua inayovuta hewa ya nje, pamoja na filta safi ya karatasi, linatosha kabisa kwa anayeanza. Ukiamua kutumia filta ya pamba inayopakwa mafuta, paka kidogo na uiache ikauke. Mafuta yakizidi yanarushwa kwenye sensa ya hewa, waya wake mwembamba unafunikwa, na kompyuta inahesabu hewa pungufu. Sensa hiyo isafishwe kwa dawa yake maalumu tu, bila kuigusa kwa brashi.

Ekzosi tuipitie haraka. Faida ipo kwenye bomba linaloanzia turbo kurudi nyuma: likiwa pana kiasi na lenye kona chache, turbo inaamka mapema na joto linashuka. Kwenye injini isiyo na turbo utapata kelele zaidi kuliko nguvu. Katalisti na chujio la masizi viachwe mahali pake. Nchi nyingi sheria inakataza kuviondoa, na moshi huo tunauvuta sote.

Sasa mafuta. Programu mpya ya kompyuta, iliyoandikwa na mtu anayejua, huongeza takriban asilimia 15 hadi 25 kwenye dizeli yenye turbo. Isiyo na turbo hupata asilimia chache tu. Kabla ya kazi hiyo pima nozeli: chomeka chupa ndogo zinazoonyesha kwenye mrija wa marejeo wa kila nozeli, washa injini ya moto uiache inguruma bila kukanyagwa kwa dakika chache, kisha linganisha. Chupa moja ikijaa mno kuliko wenzake, nozeli hiyo imelika. Mwambie mwandishi wa programu ahifadhi faili la awali, na asiongeze nguvu nyingi chini ya mizunguko 1,800 kwa dakika. Mzigo mkubwa kwenye mizunguko midogo ndio unaokunja mikono ya pistoni na kuteketeza klachi.

Vile visanduku vinavyochomekwa kwenye waya wa sensa ya reli, yaani bomba la shinikizo kubwa linalogawia nozeli mafuta, vina ujanja mmoja: vinaidanganya kompyuta kwamba shinikizo la mafuta limeshuka, nayo inaamuru pampu isukume zaidi. Mfumo wa reli tayari hufanya kazi kwenye bar 1,600 hadi 2,000. Ukiusukuma kupita hapo, valvu ya usalama ya reli inafunguka, na mara nyingi ikishafunguka haifungi tena vizuri. Gari linakosa nguvu kuliko mwanzo. Kisanduku cha kanyagio, kwa upande mwingine, hakiongezi hata farasi mmoja. Kinafanya mguu usikike mwepesi, basi. Mwenye kuuza anayesema vinginevyo anampiga mnunuzi changa la macho.

Kwa pampu za zamani zisizo na kompyuta, kuna skrubu ya mafuta nyuma ya pampu ya mzunguko, yenye nati ya kuifungia. Izungushe kuelekea ndani moja ya nane ya mzunguko kwa wakati mmoja, funga nati, nenda barabarani, angalia moshi na geji ya joto. Mizunguko ya injini isiyokanyagwa itapanda, irudishe kwa skrubu yake. Moshi mweusi ukidumu baada ya kukanyaga, umevuka, rudi nyuma.

Nguvu ikishaongezeka, klachi ndiyo hulia kwanza. Ijaribu kwenye gia ya nne, mizunguko 1,500, mguu chini mlimani: injini ikipanda mizunguko na gari lisiongeze mwendo, inateleza. Rejeta nayo isafishwe kwa maji yasiyo na shinikizo kali, hasa pengo kati yake na ile ya kiyoyozi, ambako tope na mbegu za nyasi hujipanga kama mkeka. Na tunawaomba mafundi wenzetu waache kutoa themostati kwa kisingizio cha kupoza injini. Injini inayotembea ikiwa baridi inalika kuta za silinda, na ile inayochemka ina sababu nyingine inayotakiwa kutafutwa.

Wenye petroli, kazi yenu ni plagi zenye nafasi sahihi, kusafisha mdomo wa hewa na kuziba mivujo. Petroli ya okteni ya juu haiongezi nguvu kwenye injini ambayo haikuwa ikigonga.

Mwisho ni matairi, ambayo watu huyasahau wanapolalamika kuwa gari limekuwa zito. Kutoka 265/65R17 kwenda 285/75R16, kipenyo kinakua kutoka milimita 776 hadi 834, na nguvu ya kuvuta inapungua kwa karibu asilimia 7 kabla hujagusa injini. Spidomita ikisema 100, unakwenda 107. Kama gia ya difu ilikuwa 3.9, hesabu inadai 4.19, gia ya 4.1 inarudisha sehemu kubwa, na 4.3 inamfaa anayebeba mzigo. Kwa pikapu inayoendeshwa na magurudumu manne, difu ya mbele na ya nyuma zibadilishwe pamoja na ziwe na uwiano mmoja, la sivyo siku utakapoingiza magurudumu manne, mbele na nyuma vitavutana hadi kimoja kivunjike. Hesabu meno ya krauni (gia kubwa ya difu), gawanya kwa meno ya pinioni (gia ndogo inayoizungusha), ufanye hivyo kwenye difu zote mbili kabla ya vifuniko kurudi: 41 kwa 10 ni 4.1, 43 kwa 10 ni 4.3.

Ni sisi,
Mafundi wa injini za dizeli